Pikapu Mpya Iliyonifika Kifuani

Mtu aliyeichora pikapu mpya hajawahi kukata samaki. Simjui, na sina haja ya kumjua ili niseme hivyo. Angekuwa amewahi kukata makayabu, samaki wa chumvi aliyekauka mpaka akawa mgumu kama ubao, huku amesimama tangu asubuhi mbele ya watu wenye haraka, asingeupandisha mlango wa nyuma wa gari la mizigo mpaka ukanifika kifuani.

Mimi ni mfupi. Sikuomba kuwa mfupi, na si mimi peke yangu. Wanawake wengi wanaouza vitu katika mji huu wa Johannesburg ni wafupi, na kazi wanafanya.

Pikapu yangu ya kwanza, ambayo watu wa hapa wanaiita bakkie, niliinunua ikiwa tayari imetumika, miaka michache baada ya kufika kutoka Lubumbashi. Nilisoma mpaka darasa la nne tu, lakini leseni ya kuendesha niliipata kwa mtihani, sikuinunua. Pikapu hiyo ilikuwa nyeupe, ya kona kona, pua fupi, viti vyake vigumu. Ndani haikuwa na kitu cha kutamani. Lakini nyuma! Nyuma ilikuwa duka.

Jumatano na Ijumaa nilikuwa naenda nayo Joubert Park, na Jumapili naiegesha nje ya kanisa letu huku Rosettenville, ibada ikiisha nauza. Naingia kinyumenyume, naangusha mlango wa nyuma, minyororo miwili inaushika, na hapo ndipo meza yangu. Natandika kitambaa cha plastiki. Samaki na kisu kushoto, sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, kulia, mizani katikati. Nyuma ya meza, ndani ya bodi, magunia ya unga wa muhogo na mapipa madogo ya mawese, yamefungwa kwa kamba kwenye ndoano zilizokuwa ubavuni, nje. Mlango ule ulinifika kiunoni sawasawa. Mbavu za bodi zilikuwa chini kiasi kwamba nikisimama barabarani napitisha mkono juu yake, nachukua mfuko wa dagaa bila kuutazama, huku naongea na mteja. Miaka kumi na mbili nilifanya hivyo. Mwili wangu ulikuwa unajua kila kitu kilipo.

Halafu siku moja, katikati ya 2017, fundi akalala chini yake, akatoka uso umejaa kutu.

"Mama, chasisi imekatika," akasema. "Hii haichomeleki tena. Siku moja utafika kwenye roboti, mbele itasimama, nyuma itaendelea." Roboti ndivyo watu wa hapa wanavyoita taa za barabarani.

Basi ikaenda kwa wauza vyuma chakavu. Sikuisindikiza.

Binti yangu mkubwa anafanya kazi ofisini. Yeye ndiye aliyeshughulika na pikapu mpya, kwa simu na kompyuta, maana mimi nilimwambia neno moja tu: nataka ile ile.

"Mama, ni ile ile," akaniambia. "Kampuni ile ile, jina lile lile. Ila wameiboresha."

Nikaamini jina. Mtu akikuambia anakuletea unga wa muhogo, hutegemei ufungue gunia ukute mchanga.

Tulikwenda kuichukua Jumamosi. Binti yangu alitaka picha, akaniambia nivae kitenge cha kanisani na kilemba. Walikuwa wameifunika kwa kitambaa chekundu kama sanamu ya rais. Kijana muuzaji, viatu vyake vimechongoka kama kisu, akakivuta kile kitambaa na kupiga makofi. "Hongera, gogo!" Hapa kila mwanamke mzee ni gogo, ni bibi yao kwa Kizulu, sikatai. Nikaitazama. Pua imevimba. Taa zimefinywa kama macho ya mtu aliyekosewa. Ndani viti vya ngozi na kioo kikubwa kama televisheni. Mjukuu wangu wa kike akaruka ndani, akaanza kugusa kile kioo. "Gogo, iko shap!" yaani iko safi. Kiswahili anakisikia, lakini kukisema mpaka umbembeleze.

Sikuzunguka nyuma. Naliandika hapa ili anayesoma asiseme nawalaumu wengine tu. Ningezunguka nikaangusha mlango, nikaegemeza tumbo langu, ningejua pale pale. Lakini nilikuwa nimevaa kitenge chenye wanga, napigwa picha, watu wananitabasamia. Nani anaegemeza tumbo kwenye gari akiwa amevaa vile?

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi, na hilo ni letu sote kanisani.

Kwetu mtu akipata kitu, awe amepata karatasi za ukaazi, kazi, au gari, hakitumii kwanza. Anakileta kwanza mbele ya kanisa, anatoa ushuhuda, ndipo kinaanza kazi. Hata sufuria kubwa za kupikia msibani tulizileta zikiwa bado na karatasi ya dukani. Kwa hiyo Jumapili pikapu ililetwa ikiwa haijawahi kubeba hata kitunguu. Mchungaji alimimina mafuta juu ya boneti, akazunguka akapaka na mlango wa nyuma. Wamama wa kwaya wakafunga vitenge kwenye vioo vya pembeni, wakacheza kuizunguka mara tatu, kila mtu akaigusa. Mimi nikapewa kipaza sauti. Nikasema, kwa mdomo wangu huu, kwamba Mungu amenipa gari bora kuliko la kwanza.

Nilisema bora. Sikuwa nimeweka hata kisu juu yake.

Jumatano nikaenda Joubert Park. Nikaingia kinyumenyume, na gari likaanza kupiga kelele, ti ti ti ti, kama linagongwa. Nikaangusha mlango wa nyuma. Ukashuka taratibu kwa madaha, ukasimama mbele ya kifua changu.

Nilidhani nimeegesha vibaya, labda nimesimama kwenye mfereji. Nikasogeza gari mbele. Kifuani. Nikaweka samaki, nikashika kisu, viwiko vyangu vikapanda juu kama kuku anayetaka kuruka ukuta. Kukata makayabu kunataka uzito wa mabega ushuke juu ya kisu. Mabega yangu yalikuwa chini ya samaki. Mbavu za bodi zilinifika kidevuni, mkono wangu ukapita juu, ukaning'inia hewani, haukugusa kitu. Na bodi lenyewe walilikata karibu urefu wa mkono mzima ili wapate nafasi ya vile viti vya ngozi. Ndoano za nje hazipo. Wameweka vijipete ndani, huko chini, vya kufungia sijui nini, labda mbuzi mdogo. Sakafu ni plastiki inayoteleza. Nilipokuwa nakuja, kwenye roboti ya mwisho, pipa moja la mawese lilikuwa limeteleza na kulala kifudifudi, na magunia mawili ya unga yalikuwa mekundu kama nyama.

Akaja mteja wangu wa siku nyingi, fundi cherehani Mtanzania anayeshona hapo karibu. Huyo kazi yake ni utani.

"Shikamoo bibi! Uko wapi? Nasikia sauti tu."

"Marahaba. Niko hapa. Ukiwa na macho mazima utaniona."

"Naona kilemba kinatembea chenyewe."

Watu wakacheka. Kwa miaka yote ile nilikuwa namtazama mteja usoni, najua nani ana njaa na nani anapita tu. Siku ile waliona kilemba. Na gari nalo halikunyamaza, linalalamika ting, ting, ting kwa sababu mlango wa nyuma uko wazi. Gari la mizigo linalalamika kwamba limefunguliwa nyuma! Wateja wengine wakaenda kwa mwanamke aliyetandika vitu vyake chini upande wa pili. Sikuwalaumu. Nilifunga kabla ya saa sita.

Alhamisi nikarudi kwa muuzaji wa viatu vya kuchongoka. Binti yangu alikuja nami kunifasiria mahali nitakapokwama. Sikukwama.

"Mmekata bodi," nikamwambia. "Mmepandisha mlango. Mmetoa ndoano. Kwa nini?"

"Gogo, hiyo ni shepu mpya. Watu wanaipenda sana. Iko juu ili ipite kwenye mashimo."

"Mimi siishi kwenye shimo. Naishi Rosettenville."

"Mama," binti yangu akanong'ona.

"Ngoja. Kijana, wanaoipenda wanabeba nini nyuma?"

Akafikiri, maskini. "Wengi wanabeba baiskeli, gogo. Za mazoezi. Wikiendi."

Baiskeli! Mtu anachukua gari lililokuwa likilisha watu, analikata, analipandisha, analivika ngozi, ili mwenye nafasi apeleke baiskeli yake ikatembee porini. Na jina wanaacha lile lile. Wangelipa jina jingine nisingelinunua. Jina ndilo walilonikamatia. Nilimwambia hayo yote, sauti haikuwa ndogo, na watu waliokuwa wanazunguka magari wakasimama kusikiliza. Nadhani ndiyo sababu alinipeleka nyuma ya jengo haraka.

Huko nyuma kulikuwa na pikapu moja ya umbo la zamani, nyeupe, waliyokuwa wanawapa watu wajaribu kuendesha. Ilikuwa moja tu, ya mwisho. Nilikwenda moja kwa moja nyuma, nikaangusha mlango, nikaegemeza tumbo. Kiunoni. Nikapitisha mkono juu ya ubavu, ukafika ndani. Nikagusa ndoano. Nilisimama pale kama mtu aliyekutana na dada yake kituoni.

"Naweza kukubadilishia," kijana akasema. "Yako bado haijatembea. Iwe tu kabla mwezi haujaisha."

"Nitaileta kesho asubuhi," nikasema.

Ningeileta. Lakini mimi ni mtu wa heshima, na heshima yangu siku ile ilinigharimu. Nilimpigia simu Mchungaji kumjulisha, asije akasikia kwa wengine. Alasiri ile ile akaja nyumbani, yeye na mama kiongozi wa wanawake. Nikawapa chakula. Wakala vizuri, kisha Mchungaji akanawa mikono na kuanza.

"Mama yetu, lile gari watu walilishika kwa mikono yao."

"Nilikuwepo, Mchungaji."

"Kuna waliofunga na kuomba kwa sababu ya ushuhuda wako. Ukilirudisha baada ya siku tano, niwaambie nini? Kwamba Mungu alikosea kimo?"

"Mungu hakulichora. Limechorwa na mtu, na huyo mtu hauzi samaki."

Mama kiongozi, ambaye huniita Koko, bibi kwa Kilingala, akaingilia. "Lakini Koko, si ungejizoesha? Mwenzako mimi hata baiskeli sina."

"Ungekuwa na baiskeli ningekuuzia hili, linakufaa."

Mchungaji akainua mkono. "Hatukukatazi. Tunakuomba jambo moja. Subiri Jumapili. Useme mbele ya kanisa, tuombe pamoja, halafu ulirudishe kwa amani. Siku tatu tu, Mama yetu."

Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni ananitikisia kichwa nikatae. Nilimwona. Nikasema sawa, Mchungaji. Sijui kwa nini mwanamke aliyeweza kupiga kelele mbele ya magari ya watu alishindwa kusema hapana sebuleni kwake. Yaani najua. Tumefundishwa hivyo tangu wadogo, mtu wa Mungu akila kwako huwezi kumrudisha mikono mitupu. Ijumaa sikwenda Joubert Park. Nilikaa nyumbani nikiangalia pikapu kupitia dirishani, na yenyewe inaniangalia kwa yale macho yake.

Jumapili nikasimama. Nikashika kipaza sauti.

"Wiki iliyopita nilisema hapa kwamba gari hili ni bora kuliko la kwanza," nikaanza. "Nilisema uongo."

Mchungaji akatazama upande wa kwaya, nikaona kidole chake kinazunguka, na ngoma zikaanza kidogo kidogo, ule wimbo wa kumfunika mtu aliyezidisha maneno. Tunaujua wote, tumewafunika wengi nao.

"Nyamazisheni ngoma," nikasema. "Bado naongea."

Zikanyamaza.

"Nilimshukuru Mungu kwa kitu ambacho sikuwa nimekifanyia kazi hata siku moja. Kosa ni langu, si la Mungu. Gari ni zuri kwa mtu mwenye baiskeli. Kwangu ni bovu, na kesho linarudi. Na kuanzia leo, mtu asiniite nicheze kuzunguka kitu ambacho mwenyewe hajakijaribu."

Kutoka nyuma kabisa mzee mmoja Mrundi, ambaye hasemi kitu mwaka mzima, akasema "Amina!" kwa sauti, na watu wakaangua kicheko. Mchungaji hakucheka. Baada ya ibada mama kiongozi akanishika mkono.

"Koko, umetuaibisha mbele ya wageni."

"Wewe unauza nini?"

"Mimi? Siuzi kitu."

"Basi niache."

Jumatatu nilifika kwa muuzaji kabla hawajafungua. Kijana akaja, akaniona, akapunguza mwendo. Nilijua kwa mwendo wake.

"Gogo," akasema, "ilichukuliwa Jumamosi. Alikuja mtu ana shamba la kuku."

"Uliniambia mwisho wa mwezi."

"Ndiyo, lakini hukuweka chochote. Ulisema Ijumaa, hukuja. Nilijua umebadili mawazo."

"Mwezi umeisha?"

"Haujaisha, gogo."

"Basi ulisema uongo. Na mimi nilisema uongo. Tofauti ni kwamba mimi nilisimama nikakiri."

Alisema atatafuta matawi yao mengine, akabonyeza kompyuta muda mrefu, akasema hakuna, umbo lile limekwisha nchi nzima. Niliendesha kurudi nyumbani huku nimekasirika mpaka nikapita roboti mbili bila kukumbuka zilikuwa rangi gani. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia Mchungaji na tumbo lake lililoshiba chakula changu. Nikamkasirikia binti yangu, aliyekaa pembeni bila kusema nilikuambia, na alikuwa na haki ya kusema. Lakini zaidi nilijikasirikia mwenyewe. Ijumaa asubuhi ufunguo ulikuwa mezani kwangu, na barabara ilikuwa wazi.

Mtaa wetu kuna mzee Mreno anayechomelea mageti. Nikaenda kwake na pikapu.

"Nataka ndoano sita nje, tatu kila upande," nikamwonyesha kwa kidole. "Ndani ufunike hiyo plastiki kwa mbao. Na hapa nyuma nitengenezee ngazi ya chuma ya kukunja, pana, ya kusimamia."

Akapapasa rangi kama anapapasa shavu la mtoto. "Mama, mpya hii! Mpya! Nitoboe?"

Binti yangu alikuwa amempigia yule kijana simu, akaniletea. Kijana akasema likitobolewa tu, kampuni haitalitengeneza tena bure likiharibika.

"Limeshaharibika," nikamwambia. "Liliharibikia kwenu." Nikamrudishia binti yangu simu, nikamgeukia Mreno. "Toboa."

Akatoboa. Chuma kipya kikalia, vumbi la rangi likaanguka, na tundu moja lilipita pale pale mafuta ya Mchungaji yalipopakwa. Sikuona ajabu yoyote. Ilikuwa bati tu.

Sasa nauza nikiwa nimesimama juu ya ngazi. Samaki anakatika, hilo nashukuru. Lakini wateja wangu wako chini yangu, wananiinulia vichwa, na mimi nawaangalia utosini. Fundi cherehani siku ya kwanza alivua kofia akaiweka kifuani. "Bibi, leo unatuhubiria?" Nikamwambia nahubiri dagaa, atoe sadaka. Kila mtu akitaka kitu cha ndani lazima nishuke, nizunguke, nipande, nishuke tena. Goti la kulia limeanza kuvimba jioni. Zamani goti langu halikuwa na habari na biashara yangu.

Baada ya wiki kama sita akanipigia simu msichana kutoka kampuni yenyewe, sauti tamu, anauliza maswali. Binti yangu akaiweka simu kwenye spika anifasirie.

"Mama, kuanzia moja mpaka kumi, umeridhika kiasi gani na gari lako jipya?"

"Muulize yeye ana urefu gani," nikasema.

Binti yangu akakataa. Nikamkazia macho. Akauliza. Msichana akacheka kidogo, akasema ni mfupi, kwa nini?

"Mwambie Jumatano aje Joubert Park. Aangushe mlango wa nyuma, akunje ngazi, asimame chini, akate samaki watano. Halafu hiyo namba aiandike yeye."

Msichana akasema kwenye fomu yake hakuna mahali pa kuandika hayo, anahitaji namba tu.

"Basi andika sifuri."

"Inaanzia moja, mama."

Nikaikata simu mwenyewe.